Mguu Wangu Baada ya Kutolewa Mitoki

Hotuba iliyotolewa Kisumu, katika mkutano wa wagonjwa wa saratani na jamaa zao. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu, mama zangu, baba zangu, na ninyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja kukaa nasi, hamjambo?

Asanteni. Naomba mniruhusu nizungumze nikiwa nimeketi, na mguu huu wa kushoto niuweke juu ya kiti cha pili. Msidhani ni dharau. Huu ni mwaka wa tatu nikiketi hivi. Nyumbani, wajukuu wakipanga viti, changu huwa viwili.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 31, na miaka yote hiyo nililima mpunga Ahero, kwenye nyanda za Kano, kama walivyolima wazazi wangu. Mliotoka Kano mnajua kwamba mpunga haulimwi kwa viatu. Unavivua kwenye tuta, unafunga leso vizuri, unaingia matopeni. Ugonjwa wangu ulianzia kwenye unyayo, na kilichokuja kunifungua macho nikauelewa mwili wangu ni mifereji ileile ya mpunga niliyoizoea tangu utotoni. Ndiyo maana nimeanza na shamba.

Siku ya upasuaji sitaizungumzia sana. Siku hiyo mimi nililala, kazi waliifanya wengine. Nataka tuzungumze kuhusu siku ya pili yake, na ya ishirini, na ya mia tatu. Hizo ndizo siku nilizozipitia nikiwa macho, na nyingi nilizipitia bila kujua ninachopaswa kufanya.

Ilianza hivi. Alama nyeusi kisiginoni, ndogo kama mbegu ya papai. Haikuuma, haikuwasha. Nilidhani ni kisiki cha mpunga kilichonichoma. Miezi ikapita, ikawa kama punje ya haragwe, kingo zake zimekwenda ovyo, upande mmoja mweusi tii, upande wa pili kahawia. Jirani akasema ni funza. Akaleta pini, akachokonoa. Funza hakuwepo. Ilitoka damu, na tangu siku hiyo kidonda hakikufunga. Shemeji yangu akasema nimekanyagishwa. Hapa Kisumu sina haja ya kueleza maana ya neno hilo. Kila mmoja wetu ana jamaa aliyewahi kuambiwa kuna kitu alitegewa njiani akakikanyaga. Nikaenda zahanati, nikapewa dawa ya kupaka. Nikarudi, nikapewa nyingine. Mara nne nilikwenda, mara nne nilipewa ya kupaka. Hakuna aliyekata kipande akakipeleka maabara, nami sikuuliza, kwa sababu sikujua kwamba kuna cha kuuliza.

Je, ni wangapi kati yenu mliambiwa melanoma, saratani hii iliyonianzia kisiginoni, ni ugonjwa wa Wazungu? Nyoosheni mikono. Mnaona? Nami niliambiwa hivyohivyo. Melanoma ni saratani ya zile chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na rangi sisi tunayo. Ni kweli kwamba inawapata Wazungu mara nyingi zaidi, na kwao jua lina mchango mkubwa. Kwetu sisi mara nyingi hutokea pale ambapo jua halifiki: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Bob Marley mnamjua nyote. Melanoma yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, naye akafariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Mtu mweusi, anayejulikana dunia nzima, kidole cha mguu. Sasa mimi mwalimu wa Ahero ningesalimika kwa lipi?

Halafu ukaja mtoki. Kila aliyekulia kijijini anajua mtoki. Ukiwa na kidonda mguuni, kinena huvimba, unapakwa dawa, unaambiwa utaisha. Na kweli huwa unaisha. Wangu haukuisha. Ulikuwa mgumu kama njugu mawe, hauumi, na kila wiki naupapasa naukuta palepale, umeongezeka kidogo. Mtoki wa kidonda cha kawaida huuma, kisha hunywea. Huu wangu ulikaa kimya. Mtu mwenye mtoki uliokaa kimya wiki baada ya wiki asisubiri uishe wenyewe.

Hospitali ya rufaa walichoma sindano kwenye ule mtoki, wakavuta, wakapeleka maabara, na saratani ikaonekana. Daktari aliyenipasua alinichorea mguu nyuma ya kadi ya kliniki. Akachora mistari myembamba inayotoka kwenye vidole, inapanda, inakutana kinenani. Nikamwambia, “Daktari, hiyo ni mifereji ya Ahero.” Akaitazama kadi yake, akaniambia, “Mwalimu, basi nieleze wewe.”

Nami nawaeleza ninyi. Damu ikipita kwenye mishipa myembamba kabisa, maji kidogo huvujia katika nyama. Sehemu ya maji hayo hurudishwa kwa vijia vingine, vijia vya limfu. Vijia hivyo vinapanda mguu mzima, vinapita kwenye tezi za kinena, zile zikivimba tunaziita mitoki, vinaendelea juu hadi maji yarudi kwenye damu karibu na shingo. Tezi ile ni kama lango la maji lenye mlinzi: maji yanapita, vijidudu vinakamatwa. Saratani ikitoka kisiginoni kwa njia hiyo, mara nyingi lango la kwanza kulifikia ni la kinenani. Kwangu zilitolewa tezi 11, na 2 kati yake zilikuwa na saratani. Kisiginoni wakakata pale penye alama pamoja na nyama ya pembeni, wakaziba kwa ngozi iliyotolewa pajani.

Haya, wakulima wenzangu. Ukiondoa malango 11 kwenye mfereji mkuu, maji ya shamba la chini yataenda wapi? Yatatafuta njia nyingine, polepole. Mengine yatasimama. Na mlinzi hayupo tena. Shikeni hayo mawili: maji yamepungukiwa na njia, na mlinzi hayupo. Yote niliyoyapitia baadaye yalitokana na hayo mawili.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa ambao bado hawajapasuliwa. Si kila mgonjwa wa melanoma lazima atolewe tezi zote. Kuna uchunguzi wa kutoa ile tezi ya kwanza tu, kuangalia kama saratani imefika. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 1,900, ambao tezi hiyo ya kwanza ilikutwa na saratani. Nusu walitolewa tezi zilizobaki papo hapo. Nusu walifuatiliwa kwa karibu, wakipimwa mara kwa mara. Baada ya miaka mitatu, asilimia 86 katika kila upande walikuwa hawajauawa na melanoma. Lakini uvimbe wa limfu, yaani maji kusimama na kiungo kuvimba, uliwapata asilimia 24 ya waliotolewa, na asilimia 6 tu ya waliofuatiliwa. Mimi sikuwa katika kundi hilo, mtoki wangu ulishikika kwa mkono na ilibidi nipasuliwe. Wewe huenda umo. Muulize daktari: kwa nini zote? Swali hilo si utovu wa adabu.

Sasa twende nyumbani.

Nilitoka hospitali siku ya nane, mrija wa kutolea maji ungali umechomekwa kinenani, umeunganishwa na chupa ya plastiki. Binti yangu alishona kifuko kwa kipande cha leso kuukuu, nikawa nakining'iniza kiunoni chini ya dera. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alinawa mikono kwa sabuni, akaifungua chupa, akamimina kwenye kikombe chenye alama tulichopewa hospitali, akakiinua dirishani usawa wa jicho, akasoma, akaandika. Daftari lenyewe ninalo hapa. Siku ya kwanza nyumbani: mililita 170, rangi ya maji yaliyooshea nyama. Kisha 150. Kisha 155. 120. Siku ya kumi na tatu, 90, na rangi imeanza kuwa manjano kama mafuta ya kupikia. 65. 60. Halafu, tazameni hapa, 110.

Hiyo 110 nilijua imetoka wapi. Nilikuwa nimechoka kulala. Nikachukua ufagio, nikafagia uwanja mzima nimeinama, kuku wananizunguka, nikajisikia mtu tena. Binti yangu hakunigombeza. Kesho yake asubuhi alisoma kikombe, akaandika 110, na pembeni yake akaandika neno moja: “alifagia.”

Daktari alisema mrija utatoka maji yakiwa chini ya mililita 30 kwa siku mbili mfululizo. Siku ya 22 yalikuwa 25. Siku ya 23 yalikuwa 28. Siku ya 24 ukatolewa. Bila daftari hilo tungejuaje? Tungekisia, na kwa hamu niliyokuwa nayo ya kuondokana na mrija ule, ningekisia vibaya.

Wiki moja baadaye kinena kikavimba tena. Kiko laini, kinatikisika kama maji kwenye karatasi ya plastiki. Nyumba nzima ikaingia baridi: saratani imerudi. Nililia siku mbili kabla ya kliniki. Daktari alichoma sindano, akavuta mililita 60 za maji ya manjano, akasema, “Mwalimu, ni maji tu, yalikosa pa kwenda.” Wiki iliyofuata akavuta 40, hayakurudi tena. Huwa yanatokea kwa wengi baada ya upasuaji huu. Lakini si wewe wa kuamua kwamba ni maji, na si jirani yako mwenye pini.

Sasa nataka kusema jambo ambalo halisemwi mbele za watu. Kinena si mkono. Mtu akiwa na kidonda mkononi, nyumba nzima itakiosha. Kidonda cha kinenani nani atakitazama? Mimi ni mjane. Nina wana wawili wa kiume, nina wakwe, na sisi Wajaluo tunajua mama mkwe hatazamwi wapi na nani. Binti yangu alisoma chupa, lakini kidonda chenyewe nilimwambia nitakisafisha mwenyewe. Nilikuwa naona nini? Nilipoinama tumbo lilifunika kidonda. Kioo nilikuwa nacho kile cha ukutani. Siku ya kumi na moja nilianza kusikia harufu. Nikanyamaza. Siku ya kumi na mbili nikajipaka mafuta ya kunukia. Siku ya kumi na tatu ukingo wa kovu ukaachana, na usaha ukalowesha leso mbele ya wageni waliokuja kuniombea.

Siku tatu, ndugu zangu. Siku tatu nilifuga usaha kwa sababu ya haya.

Aliyeniokoa ni jirani, mjane kama mimi, aliyewahi kuwa mkunga. Hakuniuliza. Aliwatoa wageni nje, akafunga mlango, akasema, “Dada, mimi nimeona watoto mia wakitoka hapo karibu, lala.” Akaosha, akaagiza bodaboda ya kunipeleka hospitali jioni ileile. Nikapewa antibayotiki, nikafundishwa kusafisha kidonda. Mikunjo ya kinena hutoka jasho, hujikunja ukiketi, imekaribiana na choo. Kidonda cha hapo huingiwa na vijidudu upesi kuliko vingine vingi. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajatoka hospitali, jamaa kaeni chini, mtaje kwa jina: nani atakayetazama kinena? Mila ikimzuia mkwe, atafutwe dada, shoga, mkunga mstaafu, mtu wa kanisani. Wauguzi, nanyi naomba msiseme tu “weka kidonda kikavu.” Ulizeni nani nyumbani atakiona.

Kuhusu ganzi nitasema machache. Mbele ya paja langu, hapa juu, sisikii kitu. Neva ndogo za ngozi zilikatwa. Nililala na chupa ya maji ya moto pajani usiku wa mvua, nikaamka na lengelenge kubwa kama yai. Siku hizi chupa ya moto haigusi upande huo.

Jambo ninalotaka mlikumbuke kuliko yote ni la mwezi wa saba. Nilikuwa nimepona, naenda kanisani, naenda soko la Kibuye kununua mitumba ya wajukuu. Alhamisi moja nikakwaruzwa na mti wa ua juu ya kifundo cha mguu, mkwaruzo ambao zamani nisingeutazama mara mbili. Ijumaa usiku nikaanza kutetemeka. Baridi ikaniingia hadi meno yakagongana. Mtu wa Kano akitetemeka anaambiwa nini?

Ndiyo. Malaria. Nyote mmesema malaria. Nami nilisema malaria. Mwanangu alikimbia kununua dawa za malaria, nikameza. Nikafunikwa blanketi mbili. Jumamosi nikatetemeka tena. Hakuna aliyeinua blanketi kutazama miguu yangu, na mimi mwenyewe sikutazama. Jumapili asubuhi binti yangu alikuja, akaniuliza, “Mama, mguu?” Akafunua. Kutoka kifundoni hadi gotini mguu ulikuwa mwekundu uliokoza kama ngozi yetu inavyokuwa nyekundu, yaani rangi ya zambarau iliyoiva, unang'aa, una moto kama sufuria. Nililazwa siku sita, dawa zikipita kwenye dripu. Malaria nilipimwa, haikuwepo. Mlinzi wa lango hakuwepo, mkwaruzo ukapata njia, na sisi tukatibu mbu.

Ukitetemeka, kapime malaria, sikukatazi, hapa kwetu malaria ipo. Lakini angalia mguu. Homa, angalia mguu. Kichefuchefu na uchovu usioeleweka, angalia mguu. Ukiuona umekoza rangi, una moto, unauma kuliko mwenzake, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme neno hili mlangoni: “Nilitolewa tezi za kinena.” Kama ni kwapa ulilopasuliwa, angalia mkono.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Asubuhi, kabla sijashuka kitandani, mguu ungali mwembamba, navaa soksi hii ya kubana. Daktari wa viungo ndiye aliyenipima. Soksi isiyo ya kipimo chako inaweza kukukaba goti ikazidisha uvimbe. Bei yake ilinishtua, na kwa miezi miwili ya mwanzo nilitumia bendeji alizonifundisha kufunga, kutoka vidoleni kwenda juu, zikilegea kadiri zinavyopanda. Natembea, kwa sababu nyama ya mguu ikikaza huyasukuma maji. Kusimama tu kwa saa nzima ndiko kunakonivimbisha. Miguu ya kitanda, upande wa miguuni, imewekwa juu ya matofali. Usiku navua soksi, naosha, nakausha katikati ya vidole, napaka mafuta kuanzia kisiginoni hadi kinenani, polepole, kwa vidole vya mkono wazi. Ninapopaka natafuta: kijivimbe, doa jipya, kitu kigumu chini ya ngozi. Melanoma ikirudi inaweza kujitokeza njiani, kati ya kovu la kwanza na kinena, na mkono wangu huupitia mguu huo kila usiku. Daktari ananiona kila baada ya miezi mitatu.

Na kila Jumapili, kabla ya kanisa, futi ya fundi cherehani. Kifundo, shavu la mguu, paja. Miguu yote miwili, mahali palepale. Daftari ni lilelile.

Watu huniuliza kwenye matatu, “Mama, hayo ni matende?” Zamani nilishusha dera. Sasa najibu kwamba nilikuwa na saratani ya unyayo, na wakati mwingine hadi tunafika mjini abiria mmoja ameshavua kiatu ananionyesha doa.

Kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na melanoma. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa utafiti uliozifungulia njia. Daktari wangu alinieleza kwamba wengine hupewa baada ya upasuaji kama wangu ili saratani isirudi. Akaniandikia bei kwenye karatasi. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, na bado imo. Sitasimama mbele yenu niseme sikuumia. Dawa ipo duniani, na mgonjwa wa Ahero anaisoma kwenye karatasi. Wale mnaokaa kwenye vikao vya bima na vya serikali, neno hili nimelileta kwenu.

Shamba langu sasa analima mwanangu. Msimu wa kwanza sikwenda kabisa. Nilishindwa kusimama kwenye tuta nikaone wengine wakiingia. Msimu uliofuata nilinunua gambuti ndefu na soksi nene, nikaenda. Siingii majini. Natembea kwenye tuta, nafungua na kufunga malango, nawaambia vijana wapi maji yamesimama. Hilo nalijua kuliko wote.

Sasa nina ombi moja kabla hatujala. Naomba kila mtu avue viatu. Ndiyo, hapa hapa ukumbini. Na soksi. Mzee wangu pale nyuma, na wewe pia, hakuna atakayecheka miguu ya mwenzake. Geukianeni wawili wawili. Tazameni kisigino cha mwenzako, tazameni katikati ya vidole, tazameni chini ya kila ukucha kama kuna mstari mweusi mpya au unaopanuka. Wauguzi wako hapa mbele, mwenye doa asiondoke bila kuwaonyesha.

Mimi naanza. Binti yangu, njoo unishikie kiti.